Kati ya mbio na mbio: uchovu wa mwogeleaji si wa aina moja

Mtazame binti huyu wa miaka 14. Saa 3 asubuhi ameogelea mita 200 mchanganyiko, yaani mitindo yote minne, na kuuvunja muda wake bora. Ametoka majini akihema, amekumbatiwa, amepigwa picha, kisha ameketi kwenye benchi na vazi lake lililolowa, taulo mabegani, simu mkononi. Anatetemeka kidogo bila mwenyewe kujua. Baada ya dakika 40 ataitwa kwa mita 100 kipepeo, mtindo wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja. Mita 50 za kwanza atazipiga kwa sekunde 32.1, watazamaji wote wasimame. Za pili zitamchukua sekunde 41. Mikono itagoma kutoka majini, nyonga zitazama, na ataugusa ukuta sekunde 3 nyuma ya muda ambao ameshaufikia mara kadhaa. Kwenye viti watasema hana pumzi. Kocha asiye makini atamwongezea mazoezi.

Pumzi anayo, na ameionyesha saa 3. Alichokosa ni mtu wa kumwambia azifanyie nini zile dakika 40. Nimesimama kando ya mabwawa miaka ya kutosha kulisema hili bila kusita: kwenye mashindano ya siku nzima, na hasa yale ya siku 3 au 4, nafasi nyingi hupotea pale kwenye benchi, mwogeleaji akiwa nje ya maji na ametulia.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. "Uchovu" tunauchukulia kuwa kitu kimoja, kumbe ni mambo manne au matano yanayojibu kwa jina moja. Moja huondoka ndani ya dakika 5. Jingine linataka nusu saa, pengine saa nzima. Jingine haliondoki mpaka ule, na lipo lisiloondoka mpaka ulale. Ukiyapa yote dawa ile ile ya "pumzika kidogo, kunywa maji," utakuwa umetibu moja na kuyaacha mengine yakukute kwenye mita 25 za mwisho.

Unaoondoka upesi

Msuli hukaza kwa kutumia molekuli iitwayo ATP, na akiba yake ndani ya msuli hutosha sekunde chache tu. Ili isikatike, mwili huitengeneza upya kwa njia tatu zinazofanya kazi kwa pamoja. Ya kwanza ni fosfokreatini, ghala dogo lililomo ndani ya msuli wenyewe: lina kasi kubwa mno, lakini ukienda kwa nguvu zote limekwisha katika sekunde 10 hivi. Ya pili ni kuvunja sukari bila kungoja oksijeni. Ya tatu ni kuunguza sukari na mafuta kwa oksijeni, njia ya polepole lakini inayoweza kuendelea kwa saa nyingi.

Mbio za mita 50 hutegemea sana zile njia mbili za kwanza. Habari njema ni kwamba ghala la fosfokreatini hujaa haraka. Nusu yake hurudi ndani ya nusu dakika hivi ya kupumzika, na sehemu kubwa ndani ya dakika 3 hadi 5, ingawa msuli ukiwa umejaa asidi huchelewa zaidi. Mwogeleaji aliyemaliza mita 50 na ana robo saa kabla ya mbio nyingine hana haja ya kulihofia ghala hili. Wazazi wengi humwondoa mtoto kwenye mita 50 ili "asichoke" kwa ajili ya mita 200 zinazofuata saa moja baadaye. Kwa upande wa fosfokreatini, hofu hiyo haina msingi. Kama atachelewa, kitakachomchelewesha ni kingine.

Asidi, na lakteti iliyosingiziwa

Kingine hicho ndicho kinachoitwa kila siku, kimakosa, asidi ya laktiki. Sukari inapovunjwa kwa kasi bila kungoja oksijeni, lakteti huzalishwa, na wakati huo huo ioni za haidrojeni hujazana ndani ya msuli na kuuongezea asidi. Fosfati zinazobaki baada ya ATP kutumika nazo hurundikana. Potasiamu hutoka nje ya seli. Kalsiamu, ambayo ndiyo hutoa amri msuli ukaze, hushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Hayo yote yakikutana, mkono huwa mzito kama umefungwa jiwe, na mwogeleaji wa kipepeo ndiye wa kwanza kuumbuka kwa sababu mtindo wake hauna mahali pa kujificha.

Lakteti yenyewe ilibebeshwa lawama hiyo kwa miongo mingi. Mwanafiziolojia George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba lakteti ni chanzo cha nishati: moyo huichukua na kuichoma, misuli isiyofanya kazi nzito huichukua, na ini huigeuza kuwa sukari tena. Hata yale maumivu ya misuli ya kesho yake hayatokani nayo, maana wakati huo imeshaondoka kwenye damu zamani.

Kwa nini basi makocha bado wanaipima? Kwa sababu ni alama nzuri ya kazi iliyofanyika na ya usafishaji uliobaki. Mtu aliyetulia huwa na karibu milimoli 1 ya lakteti kwa lita ya damu. Baada ya mita 100 au 200 za mashindano, kipimo hupanda hadi 10, na kwa waogeleaji wakubwa hata 15 au zaidi. Michael Phelps, mwogeleaji wa Marekani, alikuwa akitobolewa sikio baada ya mbio zake kubwa, tone la damu linapimwa, kisha anarudi majini kuogelea taratibu mpaka namba iteremke. Watu walikuwa wakiiona hiyo kama desturi ya nyota. Ilikuwa kazi, kama zilivyo mbio zenyewe. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 aliogelea mara 17 ndani ya siku 9 kutafuta dhahabu 8. Tarehe 13 Agosti, kwa mfano, alishinda fainali ya mita 200 kipepeo huku miwani yake imejaa maji, na ndani ya saa moja hivi akaanza mkondo wa kwanza wa kupokezana mita 200 mara 4. Tarehe 16 alimshinda Milorad Čavić wa Serbia kwenye mita 100 kipepeo kwa sekunde 0.01, sekunde 50.58 kwa 50.59. Nikiitazama tofauti hiyo siwezi kuitenganisha na kilomita zote za kuogelea polepole alizozipiga siku zilizotangulia, wakati ambao hakuna kamera iliyomfuata.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Ukikaa tu baada ya mbio kali, lakteti hupungua kwa nusu katika dakika 20 hivi, na itachukua zaidi ya saa moja kurudi ilikokuwa. Ukiogelea kwa wepesi, inashuka haraka zaidi kwa kiasi kikubwa. Sababu yake ni rahisi: moyo unaendelea kusukuma damu kwa kasi ya wastani, damu inasafisha misuli iliyochafuka, na misuli inayofanya kazi nyepesi inaichoma lakteti ili kupata nishati. Benchi linazima mashine yote hiyo kabla haijamaliza kazi.

Kasi ndiyo inayowashinda wengi. Wapo wanaojiburuza majini wakipiga soga ukutani, na hao mapigo ya moyo hushuka mno kiasi kwamba ni kama wamekaa. Wapo wengine, hasa vijana wa kiume waliopoteza mbio, wanaogelea kwa hasira na kuzalisha asidi nyingine. Kasi inayofaa ni ile ambayo ukifika ukutani unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini hungependa kuimba. Anza mara tu baada ya kutoka majini na kuvuta pumzi kidogo, sio baada ya kupiga picha na kusimulia. Dakika 10 ni za chini kabisa, 15 hadi 20 ni bora. Wa mbio fupi, ambao huzalisha lakteti nyingi, wanahitaji muda mrefu kuliko wa mita 1500, na jambo hili huwashangaza watu kwa sababu wanadhani aliyeogelea zaidi ndiye anayehitaji kupoza mwili zaidi, yaani huku kuogelea taratibu. Watoto ambao hawajabalehe huzalisha lakteti kidogo na hurudi haraka kuliko watu wazima. Mtoto wa miaka 9 mita 200 au 300 za taratibu zinamtosha. Kumlazimisha apige kilomita nzima kwa sababu Phelps alifanya hivyo ni kumchosha bure.

Na kama hakuna bwawa la pembeni? Mabwawa mengi hayana. Basi tembea. Tembea kwa dakika 10 au 15 ukizungusha mikono, panda na kushuka ngazi polepole, tikisa miguu. Haifikii maji, lakini inalishinda benchi kwa mbali. Maji yoyote yaliyo karibu nayo yanafaa. Mmarekani Missy Franklin, akiwa na miaka 17 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, aliogelea nusu fainali ya mita 200 huru, akapita kwa nafasi ya 8 ambayo ndiyo ya mwisho, na dakika zisizofika 15 baadaye akawa kwenye fainali ya mita 100 chali. Bwawa la kupashia lilikuwa mbali mno kwa muda huo, kwa hiyo alijipoza kwenye bwawa la wapiga mbizi lililokuwa jirani. Akatwaa dhahabu kwa sekunde 58.33.

Baridi inayojifanya uchovu

Hapa pana mtego ambao hata makocha wazoefu hunaswa. Msuli uliopashwa moto hukaza na kulegea haraka zaidi kuliko msuli wa baridi. Joto hilo huanza kupotea mara tu unapoacha kujongea, na likipotea, mwogeleaji huhisi mzito, mgumu, mvivu. Atakwambia "nimechoka," na atakuwa mkweli kwa jinsi anavyojisikia, ila sababu siyo uchovu. Amepoa.

Kuna utafiti uliofanywa kwa waogeleaji wa kiwango cha kimataifa ukiwalinganisha waliosubiri dakika 20 baada ya kupasha mwili na waliosubiri dakika 45. Kwenye mita 200 huru, wale wa dakika 20 walikuwa na kasi zaidi kwa zaidi ya sekunde 1. Sekunde nzima imepotea kwa kukaa kitini! Na mashindano yamejaa kukaa kitini: mchujo unachelewa, mashine ya muda inagoma, chumba cha kusubiri kuitwa kina viyoyozi na unafungiwa humo robo saa na vazi bichi.

Kwa hiyo baada ya kujipoza majini, jikaushe kabisa, nywele na zote. Vua vazi la mashindano kama muda unaruhusu. Mavazi hayo hubana sana, na kukaa ndani yake saa nzima kunazuia misuli ya mapaja na tumbo kulegea. Vaa soksi, viatu, suruali ndefu, sweta yenye kofia. Ukiona mtu kavaa hivyo kando ya bwawa lenye joto usimcheke, anajua anachofanya. Kisha dakika 10 za mwisho amka, ruka papo hapo, zungusha mabega, piga magoti juu. Hapo haupashi mwili upya kama ulivyofanya asubuhi. Unaurudishia tu kilichovuja.

Turudi kwa yule binti na dakika zake 40, tuzigawe upya. Dakika 2 za kwanza anavuta pumzi na kuzungumza na kocha kwa ufupi. Kutoka ya 3 hadi ya 15 yuko majini, mita 600 au 700 za mtindo huru na chali, mwepesi, na katikati yake mita 25 mbili au tatu za kipepeo cha kunyoosha mikono, ili mabega yakumbuke kazi inayokuja. Dakika ya 16 hadi 20 anajikausha na kuvaa nguo kavu, ananywa mafunda kadhaa ya kinywaji chenye sukari, anakula nusu ndizi. Vazi halibadilishi, kwa sababu kulivaa upya kungemla dakika 10 na ngozi ya vidole. Kutoka ya 20 hadi ya 28 anakaa, miguu imefunikwa, masikioni muziki, na hakuna anayemuuliza kuhusu mbio zilizopita. Kisha anasimama na kuanza kujitikisa. Dakika ya 33 anaripoti kwenye chumba cha kuitwa akiwa bado na sweta, na sweta haitoki mwilini mpaka majina yaanze kusomwa.

Pengo likiwa dakika 15, kama la Franklin, usigawanye chochote: poza dakika 8, jikaushe, nenda. Wala usiogope kwamba lakteti haijashuka yote, kwa sababu haitashuka yote, na mtu anaweza kuogelea vizuri sana akiwa nayo. Likiwa saa 2 na zaidi, hesabu inabadilika: poza kikamilifu, kula, lala kidogo au tulia mahali pasipo kelele, kisha dakika 30 au 35 kabla ya mbio ingia majini tena upashe mwili, kwa ufupi kuliko asubuhi.

Tumbo

Sukari iliyohifadhiwa mwilini huitwa glaikojeni. Misuli ya mtu mzima huhifadhi gramu 300 hadi 500 hivi, na ini karibu gramu 100. Mbio moja ya mita 200 haiwezi kuzimaliza, na ndiyo maana watu hudharau chakula siku ya mashindano. Lakini jumlisha: kupasha mwili asubuhi mita 1500, mchujo wa mbio mbili, kupoza mara mbili, kupasha tena jioni, fainali mbili, kupokezana. Kufikia usiku ameogelea kilomita 5 au zaidi, kadhaa kati yake kwa kasi kali inayokula glaikojeni kwa pupa, huku mshipa wa hofu umemfunga tumbo na kifungua kinywa ameacha nusu.

Uchovu wa aina hii hauji na maumivu. Huja kama uzito wa jumla, hasira ndogo ndogo, kichwa kinachouma kidogo, mwanzo mbaya kwenye kibao cha kurukia. Dawa yake ni wanga, kidogo kidogo, mapema. Baada ya kikao cha asubuhi, kama kuna kikao kingine jioni, gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo ya mwili kwa saa, katika saa za mwanzo, ndicho kiwango kinachorudisha glaikojeni kwa kasi. Kijana wa kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 60 kila saa, sawa na ndizi kubwa na vipande viwili vya mkate. Ongeza protini kiasi kwenye mlo wa mchana. Mafuta mengi na nyuzinyuzi nyingi viache mpaka usiku, kwa sababu huchelewa tumboni, na hakuna anayetaka kugeuza ukutani akiwa na chakula kinachopanda.

Kanuni ya zamani ya kutokula kabisa kabla ya kuingia majini imewaumiza watoto wengi kwenye mashindano. Mlo mkubwa unahitaji saa 3 hadi 4. Kitu chepesi kinatosha saa 1 kabla. Mafunda ya kinywaji chenye sukari yanaruhusiwa hata dakika 10 kabla. Na maji: mwogeleaji hutoka jasho majini, ila halioni. Ukumbi wa bwawa nao una joto na unyevu. Mkojo wa njano iliyokolea saa 6 mchana ni taarifa ya kutosha.

Kafeini huwasaidia watu wazima, kwa miligramu 3 hadi 6 kwa kilo, lakini nusu yake bado imo mwilini saa 5 hivi baadaye. Anayeitumia kwa fainali ya saa 2 usiku ataikuta kitandani saa 7 usiku, na kesho ana mchujo asubuhi. Kwa watoto jibu langu ni hapana. Bikaboneti ya sodiamu, inayotumika kupunguza makali ya asidi, imewaharibia tumbo waogeleaji wengi siku ambayo hawakutaka kabisa liharibike. Aliye mzima na mzoefu aijaribu mazoezini akiwa na mtaalamu.

Akiba kwenye mchujo

Waswahili wanasema akiba haiozi, na hakuna mahali inapothibitika kama kwenye mchujo. Kwenye mashindano ya dunia na Olimpiki, mbio za mita 50, 100 na 200 huwa na mchujo, nusu fainali ya watu 16, kisha fainali ya watu 8. Mita 400 na kuendelea hutoka mchujo moja kwa moja hadi fainali. Anayetaka medali ya mita 200 ataziogelea mara 3, na medali hutolewa mara ya tatu.

Lakini kuweka akiba kuna ufundi, na ushauri wa "ogelea asilimia 90" haufai kitu kwa sababu hakuna anayejua asilimia 90 inavyohisi. Ninachowaambia waogeleaji wangu ni hiki: anza kama kawaida, geuza ukutani kama kawaida, nenda chini ya maji kama kawaida, maana ufundi ukiuharibu asubuhi utaukuta umeharibika jioni. Kinachopungua ni msukumo wa mita 15 au 20 za mwisho, pale ambapo asidi hupanda kwa kasi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mbio, na hupunguzwa tu ukiwa umewaona wenzako wa leni za jirani. Aliye wa 3 kwenye orodha anaweza kufanya hivyo. Aliye wa 15 aachane na akiba: kwake yeye mchujo ndiyo fainali.

Kuna pia uamuzi mgumu wa kuacha mbio kabisa. Mtoto aliyeandikishwa mbio 7 kwa siku mbili na ana nafasi nzuri kwenye 3, nampunguzia. Wazazi hukasirika, na nawaelewa, wamelipa na wamesafiri. Kwa waliobalehe, wenye kasi, mbio ya sita ya siku huwa inaogelewa na mtu mwingine aliyevaa kofia yao.

Jinsi mambo haya yanavyoungana unaiona vizuri kwa Mfaransa Léon Marchand kwenye Olimpiki ya Paris. Tarehe 30 Julai 2024 aliogelea mara 4: mchujo wa mita 200 kipepeo na wa mita 200 kifua asubuhi, nusu fainali zote mbili jioni. Kesho yake, ndani ya saa zisizotimia 2, akashinda fainali zote mbili, kipepeo kwa dakika 1 sekunde 51.21, kifua kwa dakika 2 sekunde 5.85, zote rekodi za Olimpiki. Kwenye kipepeo alikuwa nyuma ya Kristóf Milák wa Hungaria mpaka mita 50 za mwisho. Watu husimulia kipaji, nami sikikatai. Ila katikati ya fainali hizo mbili kulikuwa na kupoza mwili, kupanda jukwaa la medali, wimbo wa taifa, ukumbi mzima ukilia jina lake, na kurudi kupasha mwili kwa mtindo ambao unatumia magoti na nyonga kwa namna tofauti kabisa. Kubaki mtulivu katikati ya yote hayo ni sehemu ya kujipumzisha kama ilivyo kuogelea polepole.

Siku ya tatu

Kwenye mashindano ya siku nyingi unakuja uchovu ambao hauonekani kwenye damu. Lakteti imeshuka, amekula vizuri, misuli haiumi, na bado anaruka kutoka kibaoni akiwa amechelewa kidogo, anapiga maji bila ukali. Mfumo wa neva umechoka. Umetoa amri za nguvu kamili siku 3 mfululizo, umesikia filimbi, kelele, majina, umeshangilia na kulia. Hisia hula nguvu. Aliyevunja rekodi yake siku ya kwanza na kukesha akijibu ujumbe wa pongezi ameshalipia kwa mbio za siku ya pili.

Kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku. Baada ya fainali za usiku usingizi hauji kirahisi, kwa sababu moyo bado uko juu, taa za ukumbi bado ziko machoni na joto la mwili halijashuka. Kupoza majini kunasaidia hata hapa. Kula ndani ya nusu saa, kuoga maji ya uvuguvugu, simu ibaki kwa mama au kwa kocha, chumba chenye giza. Usingizi wa mchana wa dakika 20 au 30 kati ya vikao viwili ni dhahabu, mradi uishe angalau saa 1 na nusu kabla ya kuingia majini, usije ukaamka na ule uzito wa kichwani.

Na kichwa kinahitaji kikomo. Baada ya kila mbio nawapa dakika 5 za kufurahi au kulia, kama nilivyoona wengine wengi wakifanya. Zikiisha, mbio hizo hazitajwi tena mpaka jioni. Mzazi anayemfuata mtoto na simu yenye video, akimwonyesha alivyogeuza vibaya, anamchosha zaidi kuliko mita 100 alizomaliza.

Mwisho kabisa, haya yote hayaanzi kujaribiwa siku ya mashindano. Mara moja kila wiki mbili, Jumamosi, tunaogelea mbio 3 za kweli zenye mapengo ya dakika 30 na 45, na vazi la mashindano la zamani, na chakula kile kile kitakachobebwa. Kila mmoja ana daftari dogo. Baada ya mashindano matatu au manne, daftari huanza kusema mambo ambayo kocha hakuyajua: huyu anahitaji dakika 20 za maji, yule ndizi inampanda, mwingine huogelea vibaya kila anapokaa na rafiki fulani.

Yule binti naye analo. Ukurasa wa mwezi mmoja baada ya ile siku ya benchi umeandikwa kwa penseli, herufi zimevimba kwa unyevu: "Pengo dakika 38. Kupoza mita 650. Nusu ndizi, maji ya sukari. Soksi nilisahau, miguu baridi. Mita 100 kipepeo: 32.6, kisha 37.3."